Kazi ya bule: kwa nini watu wa Kindu wanauliza "franga iko?"



Kila mara kwenye ukurasa huu kuna mtu anaandika kwamba watu wa Kindu hawapendi kujitolea. Eti ukiwaita kwa kazi ya kanisa au ya mtaa, swali la kwanza ni "Franga iko?" Mimi nasaidia kupanga watu wa kazi kwenye kituo kimoja cha jamii cha kanisa, upande wa Kasuku, kwa hiyo lawama hiyo nimeisikia kuliko wengi wenu. Leo nataka kuijibu kwa historia, kwa sababu ndiyo niliyosomea, na kwa sababu naona tunawahukumu wazazi wetu bila kusoma dosie yao.

Tuanze na neno lenyewe. Kwenye vitabu tunaandika kujitolea, mtu kutoa nafsi yake. Mtaani tunasema kazi ya bule. Na bule katika Kiswahili chetu ina maana mbili: kitu kisicho na bei, na kitu kisicho na faida. Mutu wa bule ni mtu asiye na maana. Ukimwita jirani kwa "kazi ya bule" umeshamwambia mambo mawili kwa mara moja, na la pili hukulikusudia.

Hiyo maana ya pili haikuanguka kutoka mbinguni. Mji wetu ni mtoto wa reli. Kampuni ya CFL iliundwa mwaka 1902. Meli zilileta watu na mizigo kutoka Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, na kuanzia hapa reli ilipanda kusini hadi Kongolo, karibu km 355, ikafika huko kwenye mwaka wa 1911. Sisi tunapenda kusimulia gari la moshi. Mikono iliyobeba mataruma tunaipita haraka. Halafu mwaka 1917 ikaja sheria ya mazao ya lazima, na Maniema ikawa kati ya sehemu za kwanza za Kongo kulimishwa pamba. Dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 iliandika wazi kwamba mwanakijiji anaweza kudaiwa siku 60 za kazi kwa mwaka. Mwaka 1942, wakati wa vita ya wazungu, zikawa 120. Siku mia moja na ishirini! Hesabu mwenyewe: ni theluthi moja ya mwaka. Na kinachouma zaidi, sheria ilizipa kazi hizo jina zuri, ikasema ni za kumuelimisha mtu mweusi. Bula Matari alijua zamani kupaka asali kwenye kazi ya nguvu.

Na misheni haikuwa mbali na mambo hayo. Tuseme ukweli hata kama wengi wetu tulisoma kwa masista na mapadri. Watoto wa shule na wakatekumeni walilima shamba la misheni na kubeba matofali ya kanisa. Wengine walifanya kwa moyo. Wengine walifanya kwa sababu bila hiyo hakuna shule na hakuna ubatizo. Ukiwauliza wazee leo, mtu mmoja atakusimulia zote mbili kwa pumzi moja, na kutoka hapo mtafiti hawezi tena kutenganisha nini ilikuwa sadaka na nini ilikuwa amri.

Baada ya vita zikaongezeka zile foyer social mijini na kwenye kambi za wafanyakazi, ambapo mama walifundishwa kushona, kupika, kuosha mtoto. Nazitaja tu kwa sababu vituo vyetu vya kanisa vya leo vinafanana nazo sana, hata ratiba: cherehani, lishe, kusoma na kuandika. Tofauti ni kwamba kule mama alikuwa mtu wa kufundishwa tu. Hakuna aliyemwomba afundishe.

Sasa nafika mahali ninapotaka kukaa kidogo.

Mwaka 1961 maaskofu wakatoliki wa Kongo walikutana Léopoldville, wakasema kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo zenye uhai, za watu wanaokaa pamoja. Kwa Kifaransa ni CEVB. Sisi tunaziita shirika. Mwanzoni lilikuwa neno la karatasi zaidi kuliko la mtaa. Kilicholisukuma, kumbe, ni Mobutu. Mwaka 1972 alikataza majina ya kikristo, tena harakati za vijana za makanisa zikafungwa ili vijana wote wawe JMPR. Harakati kama Xaveri, iliyozaliwa kwetu Kivu miaka ya 1950 mikononi mwa padri Georges Defour, ziliamriwa kunyamaza. (Msisahau Maniema ilikuwa sehemu ya Kivu hadi 1988.) Mwisho wa 1974 serikali ikachukua na shule, ikazirudisha kwa mapatano mwaka 1977. Kanisa likabaki bila vijana wake na bila madarasa yake. Kilichobaki ni nyumba za watu. Kinshasa, Kardinali Malula akaanza mwaka 1975 kuweka bakambi, walei wanaoongoza parokia. Katika majimbo mengi ya mashariki kazi ikashuka kwenye shirika: nyumba kadhaa za jirani, kukutana mara moja kwa juma, kusoma Neno, halafu habari za mtaa. Nani mgonjwa? Nani amefiwa? Mtoto wa nani hakwenda shule?

Miaka ile ile, serikali nayo ilikuwa na mpango wake wa kujitolea. Uliitwa salongo.

Wanaonizidi umri wanakumbuka. Siku moja ya juma kila raia atoke na jembe, na kupanga, na fagio. Kwenye redio ilikuwa nyimbo na furaha, kujenga nchi kwa mikono yetu. Kwenye mtaa ilikuwa orodha ya majina, na asiyekuja analipa faini au analala kwa polisi. Mara nyingi barabara iliyosafishwa ilikuwa ile inayopita mbele ya nyumba ya mukubwa. Watafiti walioandika juu ya salongo karibu wote wanasema jambo moja: wanakijiji waliitambua mara moja. Waliona ni zile siku 60 zimerudi zikiwa zimevaa abakosi.

Basi angalia mtu mmoja wa Mikelenge katika miaka hiyo. Siku ya salongo anajificha, anasema ana malaria. Siku nyingine ya juma hilo hilo, bila faini wala kapita, anabeba maji kwa mama mjane wa shirika lake. Ni mtu yule yule, mikono ile ile. Ukisema hapendi kujitolea umesema uongo. Ukisema anapenda, bado hujaeleza kitu. Kilichobadilika ni nani anamwita, na kama anaweza kukataa bila kuumizwa.

Kwa maoni yangu jibu lote liko hapo, kwenye uwezo wa kukataa. Mtu asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake haina uzito. Shirika lilifaulu si kwa sababu watu wake ni watakatifu. Nimekaa kwenye mashirika, najua masengenyo yake. Lilifaulu kwa sababu anayekuita anajua nyumba yako. Anajua kwamba juma hili mtoto wako ana homa, hakuiti. Anajua wewe ni fundi wa mbao, hakupi kazi ya kuimba. Na wewe unajua kesho ukifiwa ni hao hao watakaokuja kulala kwenye matanga.

Vita ilithibitisha. Kindu iliingia mikononi mwa RCD mwezi wa Oktoba 1998. Mwaka 2002 Mai-Mai wakazunguka mji, na shamba likawa mahali pa kufa au pa kubakwa. Reli ilikuwa imekwisha kukatika. Chumvi na sabuni zikawa vitu vya kuota. Sitasimulia sana, kila nyumba ina yake. Nasema tu kwamba katika miezi ile hakukuwa na mradi wala karatasi ya kusaini, na bado watu waligawa sombe na wageni waliotoka vijijini wakikimbia. Wakatoliki walifanya, waprotestanti walifanya, na waislamu wetu, ambao mababu wao walikuwa hapa kabla ya misheni yoyote, walifanya pia.

Halafu amani ikaleta magari meupe, na pamoja nayo neno jipya: primu. Semina ya siku tatu, karatasi ya kusaini, bahasha mwishoni. Sitaki kuwatukana waliokuja kusaidia, wengine waliokoa maisha ya watu. Ila walifika kwenye mji wenye ile historia yote, wakakuta watu wanaojua vizuri sana kuwa kazi isiyo na bei inamfaidisha mtu fulani, wakawafundisha bei yake. Mji ukajifunza haraka. Ningeshangaa kama ungechelewa.

Kuna jambo moja linanisumbua hata zaidi ya primu. Tunao wale wanaoitwa RECO, relais communautaire, wanaopita nyumba kwa nyumba kwa habari za chanjo, malaria, vyandarua. Maniema ina zone de santé 18, na hakuna hata moja inayoweza kutembea bila wao. Mwaka 2017, polio ilipoonekana Maniema na Haut-Lomami, ni watu kama hao waliogonga milango. Kwenye karatasi za serikali wao ni watu wa kujitolea. Wanapata kidogo siku za kampeni, siku nyingine hakuna. Swali langu kama mwanahistoria: mtu anayefanya kazi ya dola mwaka mzima bila mshahara, tumwite mtu wa kujitolea, au tumeshaanza tena kuhesabu zile siku 60? Sina shida na mama anayekubali. Nina shida na ofisi inayopanga bajeti yake juu ya huruma ya mama huyo. Na mara nyingi ni mama kweli: anayetoka saa kumi na mbili kwenda shambani, anarudi anapika, halafu tunamwambia kuna mkutano.

Upande wa pili, Desemba 2018 kanisa katoliki liliweka watazamaji wa uchaguzi karibu 40,000 nchi nzima. Wizara gani ingeweza kupata watu wengi hivyo? Walipatikana kwa njia ya parokia na shirika, mtu akitajwa na wanaomjua. Ni mtandao ule ule uliopata nguvu wakati Mobutu alipofunga milango mingine.

Kwa hiyo kwenye kituo chetu tumeacha kutangaza kwa mikrofoni baada ya misa. Tangazo la mikrofoni linaita kila mtu, maana yake halimuiti yeyote. Tunamtuma mkubwa wa shirika au mama wa caritas amwendee mtu nyumbani, na tunamwomba aseme vitu vinne: kazi ni gani, ni siku zipi, inaisha lini, nani atalipa nauli. La tatu ndilo watu wanalipenda. Salongo haikuwa na mwisho, RECO haina mwisho, na mtu wa Kindu akisikia kazi isiyo na mwisho anasikia mambo ya babu yake. Anayekataa hatumuulizi sababu, na jina lake halisomwi popote. Mzee mmoja alikataa mara mbili, ya tatu alikuja mwenyewe, akasema: "Sasa njo nimeona hamuko ba-kapita." Tena hatusemi "kazi ya bule". Anayefundisha tunamwita mwalimu, anayepika tunamwita mpishi.

Nauli tunalipa, chakula cha siku hiyo tunatoa, na daftari la matumizi liko mezani kila mtu alisome. Kuna wenzangu wanaosema nauli ni mwanzo wa primu. Sikubaliani nao. Aliyevuka Lualaba kwa mtumbwi kutoka Alunguli ametoa mchana wake. Kumwomba na bei ya mtumbwi ni kumtoza kodi.

Mwezi ujao tunaanza darasa la kusoma la akina mama, na tunahitaji watu wanane. Ni Jumanne na Ijumaa, saa tisa hadi saa kumi na moja, kwa miezi mitatu, halafu inaisha. Mtumbwi unalipwa. Kama mmoja wenu ana dada au yaya huku anayejua kufundisha, msimwandikie kwenye kundi. Mpigieni simu.