Keja Mpya, Kichwa Inagonga: Hivi Ndivyo Rangi na Gundi Huchafua Hewa ya Nyumba

Umepata keja mpya Ruring'u ama King'ong'o. Ukuta inang'aa, silingi ya jipsam iko freshi, kabati za jikoni ni MDF. Baridi ya Nyeri nayo haichezi, so unafunga madirisha zote usiku. Asubuhi kichwa inagonga, macho yanawasha, koo imekauka. Hujarogwa, msee. Inaweza kuwa ni hewa ya nyumba.

Inatoka wapi?
Rangi ya mafuta, vanishi, thina na gundi ya kontakti huwa na kemikali zinazogeuka mvuke zikikauka. Mvuke mwingi hutoka siku za kwanza. MDF na chipbodi ni stori ingine: nyingi hushikanishwa na gundi yenye formaldehaidi, ambayo hutoka polepole kwa miezi, hata miaka. IARC, shirika la WHO la utafiti wa saratani, liliitaja kuwa chanzo cha saratani mwaka wa 2004. WHO inataka isizidi miligramu 0.1 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, ikipimwa kwa dakika 30.

Jiko si dawa
Kuna wasee huwasha jiko la makaa ndani ndio rangi ikauke haraka wakati wa baridi ya Julai. Wachana na hiyo. Joto huongeza mvuke, thina hushika moto, na makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa wamelala.

Fanya hivi
- Fungua madirisha za pande mbili hewa ipite. Ongeza sweta, usifunge.
- Ambia fundi atumie rangi ya maji kwa ukuta, na afunike kingo zote za MDF.
- Ngoja siku kadhaa kabla ya kuhamia, hasa kama kuna mtoto, mama mjamzito ama mtu wa pumu.
- Nyumba ya kitambo? Usipige msasa rangi ikiwa kavu. Siku hizi Kenya inaruhusu madini ya risasi yasiyozidi sehemu 90 kwa milioni, lakini rangi ya zamani inaweza kuwa nayo mengi, na vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto.

Utajuaje ni nyumba?
Cheki hivi: ukitoka nje unapata nafuu, ukirudi inaanza tena. Mtu akizidiwa, mtoe nje kwanza, halafu mpeleke hosi.