Jinsi Akina Mama Tulivyoingia Kwenye Nyuki

Kikundi chetu kilipoanza mwaka 2014 hapa wilayani Sikonge, hakuna aliyewaza habari ya nyuki. Tulikuwa na sanduku la kufuli tatu, funguo tatu kwa akina mama watatu, na daftari la hisa. Tukakopeshana pesa ya mbegu za karanga, ya sare za watoto, ya matibabu. Nyuki ilikuwa kazi ya wanaume, na sisi tulizaliwa tukaikuta hivyo.

Si kwamba nyuki walikuwa wageni kwetu. Unyamwezi ni nchi ya asali tangu mababu, na nta ya huku ilikwisha kuvuka bahari wakati wa Mjerumani. Lakini utaratibu ulikuwa ule ule: mwanamume anachonga mzinga wa gogo, au anabandua gome, anapanda nao juu ya mtundu au muba na kuutundika huko. Msimu ukifika wanaondoka kundi zima kwenda kambi porini, wiki nzima au zaidi, wanarina usiku. Sasa mama mwenye mtoto mgongoni atamwachia nani nyumba? Na apande mti na gauni, usiku? Basi sisi tulichuja tu, na kupika wanzuki. Bei ya debe waliijua wao.

Mwaka 2016 klabu ya wafugaji nyuki ya kata yetu ilifungua manzuki ya kufundishia. Mizinga ilitundikwa kwa waya kati ya nguzo, kimo cha kiuno. Jamani, kimo cha kiuno! Hapo ndipo mambo yalipobadilika, maana nyuki waliteremshwa kutoka mtini wakatufuata chini. Mzinga wenyewe ni wa aina iliyotengenezwa Kenya miaka ya 1970: sanduku lenye mbavu zilizoinama, na juu yake vibao vimepangwa kama dari. Nyuki hujenga sega moja chini ya kila kibao. Unainua kimoja, unatazama, unarudisha, na wenyewe hawahami.

Tulijiandikisha wanane. Siku ya kwanza wawili walikimbia mpaka barabarani (hatuwataji, wako humu humu kwenye kikundi). Waliobaki tulivaa suruali za watoto wetu wa kiume chini ya magauni. Bwana Nyuki, aliyesomea Chuo cha Ufugaji Nyuki Tabora, alitufundisha kusimama nyuma ya mzinga, si mbele ya mlango wao. Moshi uwe wa baridi, wa magunzi, usiwachome. Ukiumwa, kwangua mwiba haraka kwa ukucha na upige moshi pale pale, kwa sababu mwiba ule hutoa harufu kama ya ndizi mbivu inayowaita wenzake. Tukajifunza kutofautisha asali iliyofunikwa na nta, ambayo imekomaa, na asali mbichi, na majana ambayo hayaguswi. Na kila mzinga uachiwe masega ya chakula chao.

Mwaka 2017 tukataka mizinga yetu. Kikao kilikuwa kirefu. Mweka hazina alikataa kabisa, akasema pesa ya sanduku si ya kulisha wadudu. Tukapiga kura, tukamshinda, tukaagiza mizinga kumi kwa fundi seremala mmoja mjini.

Nyuki waliingia vizuri. Tulipofungua mara ya kwanza, kila kibao tulichoinua kiling'ang'ania. Masega yalijengwa mshazari, moja limeshika vibao vitatu. Tulipovuta yalikatika, asali ikamwagika juu ya majana, nyuki wakatoka kama mvua. Mbuzi wawili wa jirani aliokuwa amewafunga karibu walikufa, tukawalipa. Makundi sita yalihama wiki ile.

Bwana Nyuki alikuja na rula. Vibao vilikuwa na upana wa sentimita 4. Nyuki wetu wa Afrika wanataka milimita 32, wakiwekewa kipana zaidi wanapotea mstari. Fundi alikataa kurudisha hata senti. Lakini tuseme ukweli wetu: kipimo kile tulifundishwa manzukini, na siku ile waliokuja na kalamu walikuwa wawili. Hakuna aliyempelekea fundi kipimo kwa maandishi. Akina mama watatu walichukua hisa zao wakatoka, na hatukuwa na la kuwajibu.

Mwaka 2018 tulinunua vibao vipya kwa michango ya mfukoni, si ya sanduku. Tukarudi manzukini tukaanza somo upya, safari hii kila mmoja na daftari. Juni 2019 tulirina mizinga minne. Asali haikuwa nyingi, ila tuliiuza wenyewe, kwa bei tuliyoipanga wenyewe, na nta tukaiyeyusha tukaiuza kando. Deni la sanduku liliisha mwaka 2021.

Liko jambo bado tunalibishania. Mkopo wa kuni za kukaushia tumbaku unatoka kwenye sanduku hili hili, na kuni hizo ni mtundu na muba wanaolisha nyuki wetu. Kikao cha mwaka jana hakikuelewana.

Mmoja wa wale watatu amerudi mwaka huu. Mweka hazina ndiye anayeshika bomba la moshi siku za kurina, na ukimkumbusha kura ile anakuambia kwanza hesabu mbuzi.