Wa Kufa na Kuzikana: Kutoka Pumwani Hadi Kiamaiko

Kiamaiko inajulikana Nairobi nzima kwa mbuzi. Malori huingia kutoka Marsabit, Moyale na Isiolo yakiwa yamesheheni, madalali hubishana bei, wachinjaji hufanya kazi yao, na nyama hutawanyika hadi buchari za kila pembe ya jiji. Kisichojulikana sana nje ya mtaa ni madaftari. Wazee waliochuna ngozi pamoja, waliouza matumbo meza kwa meza, au waliopanga ploti moja upande wa Huruma tangu ujana, mara nyingi wana kaunta buku yao. Ndani mna majina, tarehe na pesa. Baadhi ya majina yamepigwa mstari, na kando yake karani ameandika kiasi alichopelekewa mjane.

Madaftari hayo yana ukoo mrefu kuliko Kiamaiko yenyewe.

Nairobi ya mkoloni haikujengwa ili mtu azeekee humo. Mwafrika alihesabiwa kuwa kibarua wa kupita: kuanzia 1920 alivaa kipande cha utambulisho shingoni, akalala kwenye chumba cha kushirikiana, na mkataba ukiisha alitarajiwa kurudi kwao. Aliyefia mjini alikuwa tatizo lisilo na mwenyewe. Ndugu walikuwa mbali, barua ilichukua siku nyingi, na maiti haingoji barua. Pengo hilo lilizibwa na majirani. Huko Pumwani, mtaa uliofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, Waislamu wa mjini na wanawake wenye nyumba walizikana kama ndugu wa tumbo moja hata pale ambapo mmoja alitoka Uganda na mwingine Ukambani. Vyama vya ngoma vilivyokuwa vimeenea pwani na bara vilifanya kazi hiyo hiyo. Beni, pamoja na mbwembwe zake zote za gwaride na vyeo vya kijeshi, ilikuwa pia bima ya watu wasio na bima: mwanachama akiugua alitazamwa, akifa alizikwa. Lelemama ya akina mama wa Mombasa nayo ilichanga kwenye arusi na kwenye matanga.

Serikali kwa upande wake iliwakumbuka wafu kwa jumla jumla. Mtaa wa Kariokor unabeba kumbukumbu ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na tangu 1928 pana sanamu yao katikati ya jiji, kwenye barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue. Majina hayapo. Ilipofika Aprili 2021 ndipo tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilipokiri kwamba zaidi ya watu laki moja, wengi wao Waafrika, waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina. Kwa kipimo hicho, karani wa Kiamaiko na kalamu yake ya bei rahisi amewafanyia marafiki zake zaidi ya dola nzima.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wahamiaji waliongezeka, na vyama vikawa vikubwa. Luo Union ilikuwa na matawi miji mingi ya Afrika Mashariki, ikisaidia wafiwa na kusafirisha maiti hadi Nyanza. Mweka hazina wake, diwani Ambrose Ofafa, aliuawa Nairobi mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari. Wenzake hawakutosheka na mazishi. Walichanga wakajenga Ofafa Memorial Hall mjini Kisumu, na huku Eastlands mitaa ya Ofafa Jericho na Ofafa Maringo ikachukua jina lake. Jirani yao ni mtaa wa Mbotela, uliopewa jina la mwanasiasa Tom Mbotela, aliyeuawa Novemba 1952. Kwa hiyo konda anayeita abiria wa Ofafa au Mbotela anaita marehemu bila kujua.

Mwaka 1980 Rais Moi aliamuru vyama vya kikabila vivunjwe. Luo Union ilikwisha, na timu ya soka ya Abaluhya ikageuka AFC Leopards. Kufa, hata hivyo, hakukuvunjwa kwa amri. Watu walijipanga upya chini ya majina madogo zaidi: lokesheni, kanisa, msikiti, soko, ploti. Kikundi cha wauza nyama hakikuwa na haja ya kutaja kabila, na mara nyingi hakikuwa nalo moja.

Hapo ndipo rafiki alipopata nafasi, lakini nafasi yenye mpaka. Mpaka huo ulionekana wazi katika kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika kwenye shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe kwao Nyalgunga, Siaya. Waliomfahamu walisimama kizimbani kueleza alichowaambia akiwa hai kuhusu kaburi lake. Mwili ulikaa mochari miezi mitano. Mei 1987 Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo ushindi, naye akazikwa Nyalgunga tarehe 23 mwezi huo. Ikiwa hata mke alishindwa, mtu aliyekunywa naye chai miaka thelathini angesema nini?

Rafiki wa Eastlands amezoea kutosema. Yeye hufanya. Habari ikifika, jioni hiyo hiyo watu hukusanyika nyumbani kwa marehemu au uani. Anachaguliwa mwenyekiti, karani na mweka hazina, kisha orodha inaanza: jeneza, bili ya hospitali, mochari, gari, chakula cha njiani. Kila anayetoa husomwa jina na kiasi kwa sauti, na ahadi huandikwa ukurasa wake, kwa kuwa ahadi ina tabia ya kusahaulika mapema kuliko marehemu. Usiku wa safari basi huondoka limejaa nyimbo. Huko ushago mgeni wa Nairobi hupewa dakika mbili kuzungumza baada ya wajomba, chifu na mwanasiasa. Akirudi mjini, kaburi limebaki kilomita mia nne nyuma yake, na pengine hataliona tena.

Waislamu wa Kiamaiko, wengi wao Waborana na watu wengine wa kaskazini waliokuja na biashara ya mbuzi, wana njia nyingine. Maiti huzikwa haraka, ikiwezekana siku ile ile, na wengi huzikwa hapa hapa Nairobi. Makaburi ya Waislamu ya Kariokor yako mwendo mfupi wa matatu. Mzee anaweza kwenda kumwombea mwenzake na kurudi sokoni kabla ya adhuhuri. Ni faraja ambayo jirani yake Mkristo hukosa, licha ya jeneza lake la gharama.

M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, iliondoa sehemu ya mikutano: mchango siku hizi hutumwa kwa simu na karani hubandika orodha kwenye kundi la WhatsApp. Lakini pigo kubwa lilikuja 2020. Wakati wa korona serikali iliruhusu watu 15 tu mazishini, wa familia ya karibu, na kuanzia tarehe 6 Aprili hadi mapema Julai hakuna aliyeruhusiwa kutoka Nairobi bila kibali. Marafiki walichanga, wakaaga gari kwa mbali, basi. Kwa mara ya kwanza sheria iliandika kwa tarakimu kile ambacho mila ilikuwa ikikisema kwa mdomo.

Shida ya sasa ni umri. Chama cha watu 40 wanaotoa shilingi 500 kila mmoja huipa familia 20,000. Wakibaki 15, ni 7,500, na vifo vinakuja kwa karibu zaidi kuliko zamani. Pesa za Inua Jamii kwa wenye miaka 70 na zaidi, mpango ulioanza 2018, ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Msiba mmoja unakula robo. Halafu wapo wanaopotea wakiwa hai: ubomoaji wa nyumba za kando ya mito ya Nairobi baada ya mafuriko ya 2024 ulitawanya majirani, na mzee akihamia kwa binti yake ng'ambo ya jiji, nauli ya mkutano humshinda.

Sheria ya usajili wa makundi ya jamii ya 2022 nayo inataka kundi liwe na watu wasiopungua 10. Vyama vya wazee vinapokaribia idadi hiyo, huingiza watoto na wajukuu wa wanachama. Ndipo ubishi unapoanza: kijana aingie kwa kiingilio cha leo, au alipie vifo vyote vilivyotangulia? Wazee wengine hushikilia kwamba alipe, kwa sababu waliochangiwa ni babu zake. Kijana naye huuliza mbona alipie marehemu ambao hata mmoja wao hakuwahi kumwona.