Kilwa Kisiwani: mikoko, chokaa na kuta za masultani

Ukivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, jengo la kwanza kukupokea ni Gereza. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505 baada ya kuupora mji, wakaihama mwaka 1512. Kuta za leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye, na upande wake wa baharini umeliwa na mawimbi.

Wageni wengi huharakia Msikiti Mkuu, na hawakosei. Sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11. Ule upanuzi wa matao na kuba ulifanywa karne ya 14, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyekuwa akitawala msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Sultani huyo ndiye anayetajwa pia kuwa mjenzi wa Husuni Kubwa, kasri lenye birika la pembe nane, ambalo halikumalizika. Fedha hazikuwa tatizo: dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwa Kilwa.

Mwaka 1981 UNESCO iliyaandika magofu haya, pamoja na ya Songo Mnara, kuwa Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yaliingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwani yalikuwa yakimomonyoka na kubomoka, na mikoko iliyokuwa ikivunja nguvu ya mawimbi ilikuwa imekatwa. Lakini tusiwalaumu wanakijiji. Kisiwa hiki si makumbusho. Watu wanaishi humu, wanalima na kuvua kando ya magofu, na boriti na kuni zimetoka mikokoni tangu enzi za masultani wenyewe.

Ukarabati ulirudi kwenye ufundi wa kale. Matumbawe hupangwa juu ya magogo, huchomwa, kisha chokaa hulowekwa na kuachwa iive kabla ya kuchanganywa na mchanga. Saruji ni ngumu mno kwa kuta hizi: hufungia unyevu na chumvi ndani, jiwe likaoza nyuma ya lipu nzuri. Ufukweni ikapandwa mikoko mipya na kujengwa kinga za mawe.

Magofu yaliondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2014. Kwenye genge la Husuni Kubwa, hata hivyo, mafundi wana mtihani mwingine: vichaka hushika udongo usisombwe na mvua, na mizizi ya vichaka hivyo hivyo hupasua kuta. Kufyeka vyote ni hatari, kuviacha vyote pia ni hatari.