UPS YA MTUMBA: SOMA HAPA KABLA HUJACHOMEKA

Wadau wa Bagamoyo, Kaole, Mapinga hadi Bunju, umeme ukikatika ghafla kazi uliyotaipu saa nzima ndo imeenda. Dawa ni UPS, na wengi tunanunua ya mtumba. Poa, ila mjue kinachokufa mapema ni betri, si boksi.

KABLA YA KUNUNUA
1. Soma kibandiko cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Ikiandikwa 120V hiyo ni ya Marekani, ukiichomeka moja kwa moja unaiunguza.
2. VA si wati. UPS ya 650 VA kwa kawaida haifiki hata wati 400.
3. Angalia betri. Ikiwa imevimba, inavuja au ina ungaunga kwenye vichwa, achana nayo. Weka mpya yenye volti na Ah zilezile.

KUIJARIBU
Ichaji usiku kucha, washa kompyuta isiyo na kazi ya maana, kisha zima swichi ya ukutani. Usichomoe plagi, maana unaondoa na waya wa athi. Ikizima papo hapo, betri imekwisha.

MATUMIZI
Iweke penye hewa, mbali na jua na upepo wa chumvi wa bahari. Betri hizi hudumu kama miaka 3 hadi 5 kwenye nyuzi 25. Kila joto likizidi kwa nyuzi 10, umri unapungua karibu nusu. Usichomeke printa ya leza, pasi wala birika. Na UPS si jenereta: inakupa dakika chache za kusevu na kuzima, basi.

KUBADILI BETRI
Zima, chomoa plagi, vua saa na pete. Usiguse sakiti ya ndani hata kama imechomolewa, umeme unaweza kuwa umebaki humo. Huna uhakika? Mwite fundi.

BETRI KUUKUU
Usiichome, na usiivunje ili kuyeyusha chubwi za nyavu. Ndani kuna risasi na asidi. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichoanza 2007 kiliwadhuru wakazi kwa sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mpe mkusanyaji mwenye kibali, na watoto wasiichezee.

Kazi kwenu wadau!