Krismasi ya Mkunazini

Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, alitia saini mkataba uliopiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na uliofunga masoko yote ya watumwa katika milki yake. Soko kubwa la mji wa Unguja lilikuwa Mkunazini. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo, miezi sita na siku ishirini tu baadaye, jiwe la msingi la kanisa liliwekwa kwenye kiwanja kile kile.

Aliyeliweka ni Kapteni Prideaux, aliyekuwa akikaimu ubalozi wa Uingereza. Sehemu ya kiwanja ilinunuliwa na Padre Arthur West wa misheni ya Kianglikana ya UMCA; sehemu nyingine ilitolewa bure na Jairam Senji, tajiri wa Kihindu. Kwa hiyo sikukuu ya Wakristo ilifanyika katika mji wa Waislamu, na sehemu ya ardhi yake ilikuwa zawadi ya Mhindu. Nalitaja hili kwa sababu habari za kanisa hili mara nyingi husimuliwa kana kwamba Waingereza walilijenga peke yao.

Jumuiya ya Kikristo yenyewe ilikuwa changa mno. Misheni ilihamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer, akiwa pamoja na Padre Edward Steere. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wavulana watano waliokamatwa ndani ya jahazi la watumwa, ambao Seyyid Majid, sultani wa wakati huo, alimkabidhi askofu. Hawakuuliza habari za Ukristo, wala hawakuombwa rai yao. Walitolewa mkono mmoja wakatiwa mwingine, na tofauti ni kwamba huu wa pili uliwafundisha kusoma. Baada yao wakaja wengine wengi, walioshushwa majahazini na manowari za Kiingereza: Wayao, Wanyasa, Wamakua, watoto waliotembezwa kwa miguu kutoka bara hadi pwani. Waliishi Kiungani na Mbweni, nje ya mji, na kurudi kwao hakukuwa na njia, kwa sababu wengi walichukuliwa wakiwa wadogo na vijiji vyao vilikuwa vimekwisha kuchomwa.

Ndiyo maana Krismasi ile ya 1873 naiona kuwa sikukuu ya ugenini kwa kila aliyekuwamo. Wamisionari walikuwa mbali na baridi ya Desemba na jamaa zao. Vijana walikuwa mbali na Ziwa Nyasa, wakisherehekea siku ambayo mama zao hawakupata kuisikia. Tena ibada iliendeshwa kwa lugha ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Steere alijifunza Kiswahili mjini, akakitungia kitabu cha sarufi kilichotoka 1870. Myao naye alikikuta pwani, kama Mmakua. Lugha ya wenyeji wa mji, ambao wao wenyewe hawakuwa Wakristo, ndiyo iliyowawezesha wageni hawa kusali pamoja. Huo, kwa maoni yangu, ndio msingi uliowekwa siku ile, kuliko jiwe.

Ujenzi ulichukua miaka. Steere, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1874, aliusimamia mwenyewe. Dari alitaka liwe la kuba lisilo na boriti hata moja, la saruji iliyochanganywa na mawe ya matumbawe yaliyopondwa, na wapo waliosema litaanguka. Halijaanguka hadi leo. Inasimuliwa kwamba nguzo za mahali pa kubatizia zilisimamishwa kichwa chini miguu juu askofu alipokuwa safarini, naye akaziacha hivyo. Mbele ya altare sakafuni kuna duara la marumaru nyeupe. Wenyeji wanasema hapo ndipo ulipokuwa mti wa kuwafungia watumwa na kuwachapa viboko.

Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1876, Steere aliondoka na kundi la watu walioachwa huru kuelekea bara, akitaka kuwarudisha jirani na kwao Nyasa. Waliishia Masasi, wakajenga hapo.

Ibada ya kwanza ndani ya kanisa la Mkunazini ilifanyika siku ya Krismasi. Mwaka 1879 John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano, alipewa ushemasi. Utumwa wenyewe ulikuwa bado halali Unguja, na ungebaki hivyo hadi 1897, kwa hiyo nje ya milango ya kanisa walipita watu wenye bwana, wa makabila yaleyale ya waliokuwa ndani.

Steere alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare. Miongoni mwa watoto waliokulia Kiungani alikuwamo Myao aitwaye Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utumwani akiwa mdogo. Mwaka 1886 alikwenda Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, kuhubiri kati ya Wayao wenzake, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadre. Krismasi za Chitangali aliziongoza yeye, kwa watu waliozaliwa palepale.