Sikio la Mbwa na Neno "Sugu"

Katika Kiswahili cha tiba, neno "sugu" limebebeshwa maana mbili. Ugonjwa sugu ni ule unaodumu, kama kisukari au pumu. Bakteria sugu ni yule asiyeuawa na dawa iliyokusudiwa kumuua. Kwa kisukari maana hizo hazigongani, kwa kuwa hakuna kijidudu cha kuua. Hugongana penye maambukizi, na sikio la mbwa ni mahali ambapo mgongano huo una madhara. Mwenye mbwa akiambiwa kwamba mnyama wake ana "maambukizi sugu ya sikio", huelewa kuwa dawa zimeshindwa, naye huomba antibiotiki kali zaidi. Ndiyo maana naona maambukizi hayo yaitwe "ya muda mrefu", na "sugu" waachiwe bakteria wenyewe.

Ushahidi umo sikioni. Njia ya sikio la mbwa hushuka wima, kisha hupinda kuelekea kwenye kiwambo, kwa hiyo nta, unyevu na usaha hukwama konani. Bakteria mara nyingi si chanzo. Hufuata palipokwisha kuharibika. Kilichoanzisha huwa mzio wa ngozi, utitiri wa sikio, ukoka ulioingia ndani, au upungufu wa homoni za tezi ya thairoidi. Antibiotiki ikitolewa peke yake, usaha hukauka, na mzio usipotibiwa maradhi hurudi, hata kama bakteria wale wangekufa maabara kwa dawa ileile. Hao hawana usugu wowote. Hata Pseudomonas aeruginosa, anayeogopwa kuliko wengine katika masikio haya, hujifunika utando wa ute anaoutengeneza mwenyewe. Chini ya utando huo huvumilia dawa ambayo angekuwa wazi ingemmaliza. Kinachohitajika hapo ni kuosha sikio kwa kina, mara nyingi mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na kutumia vioshaji kama Tris-EDTA vinavyodhoofisha ukuta wa bakteria. Kabla ya hapo kiwambo kikaguliwe, maana kikiwa kimetoboka baadhi ya dawa, gentamisini ikiwamo, zinaweza kuharibu usikivu.

Mtetezi wa "sugu" anaweza kukumbusha maana ya asili: ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa. Ni kweli kwamba ngozi ya sikio lililougua kwa muda mrefu hunenepa mpaka njia ikasinyaa. Lakini hilo ni jina la hali ya ngozi, na uvimbe huo hupunguzwa kwa steroidi kama prednisoloni, wala si kwa antibiotiki. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mara nyingine hali zote mbili hukutana: maradhi ya muda mrefu na bakteria sugu kwelikweli. Nakubali, na kwa sababu hiyohiyo nataka maneno mawili, ili daktari aweze kusema lipi lipo na lipi halipo. Tena hata cheti cha maabara chenye neno "sugu" kisomwe kwa makini: vipimo vingi hukadiria kiasi cha dawa kinachofika kwa njia ya damu, ilhali tone linalotiwa sikioni huweka pale dawa nyingi mara kadhaa zaidi, na huweza kumuua bakteria ambaye cheti kimemwita sugu.